Inspekta Mbasa Hajakosea

Mwaka wa sabini na nne, watu walipoteremshwa kutoka vilimani na kupangwa mstari mmoja kando ya Ziwa Nyasa, kijiji chao kipya kilipewa jina la Mapambano. Kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kihagara, na siku zile za mwanzo waliopambana kwa moyo wote walikuwa mbu. Serikali iliwapa wanakijiji vitu vitatu: mwenyekiti, ambaye walikuwa naye tayari, wavu mkubwa wa kuvulia usipa, dagaa wa ziwa hilo, ambao kila mtu aliupapasa siku ulipofika kama mtoto mchanga, na darasa la elimu ya watu wazima, ambalo hakuna aliyelipapasa.

Darasa alikabidhiwa Nazari Kinunda. Alikuwa na miaka ishirini na minane, miguu mirefu, elimu ya darasa la nane, na sauti ambayo hata mbuzi hawakuiogopa. Afisa wa elimu kutoka Mbinga alimpa ubao, boksi la chaki na ahadi ya vitabu. Chaki zilitosha.

Siku ya kwanza walikuja wanafunzi wanne. Mmoja wao, Mzee Benno, alikuja kwa sababu banda la darasa lilikuwa na kivuli kizuri, akalala kabla ya herufi ya pili. Mwingine alikuwa Hedwiga, mama wa watoto sita na mdomo wa watu kumi.

"Mwalimu," alisema Hedwiga, akiitazama herufi ubaoni, "huyo *a* tukishamjua, anapikwa au anachomwa?"

Nazari aliandika *e* pembeni yake. Mwezi wa kwanza uliisha akiwa na wanafunzi watatu, maana Hedwiga naye alisema ana muhogo wa kuloweka.

Basi akaenda kulalamika kwa dada yake. Otilia alimzidi miaka sita. Alikuwa mjane, mumewe, mtu wa Chiwanda, alikuwa amefariki kwa homa, na yeye akarudi kwao na watoto wawili. Katika ule mstari wa nyumba za Mapambano, yake ilikuwa ya tisa. Alijivunia mambo mawili tu: uwanja wake uliofagiliwa hadi ukang'aa, na mkono wake wa kupika. Alimsikiliza mdogo wake huku akimenya muhogo.

"Unawapa watu herufi kavukavu," alisema. "Hata mimi nimekuja siku moja kwa ajili ya udugu tu. Wape habari ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mpe hata mjomba Kilian."

Wakacheka wote wawili. Marehemu mjomba Kilian alikuwa na kazi moja duniani, kutembelea ndugu zake saa ya chakula. Alikula kimya, polepole, macho yakizunguka ukutani, na kabla hajamaliza sahani mtu mmoja nyumbani alikuwa ameshaungama jambo.

"Unakumbuka sukari ya misheni?" Nazari aliuliza.

"Nitaisahauje!" Otilia alikuwa na miaka kumi na miwili alipochota sukari ya masista ndani ya khanga. Mjomba Kilian alipokuja siku ile, yeye alijitolea kupika. Akapika vizuri mno, karanga kwenye mboga, samaki bila mfupa hata mmoja. Mjomba alikula, akafuta midomo, akasema: *Umenipikia vizuri mno, mwanangu. Umeiba nini?*

"Mwenye hatia hupika sana," alisema Otilia, akitupa ganda la muhogo. "Andika hivyo. Hiyo nakupa bure."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Inspekta Mbasa. Tumbo lilikuwa la mjomba, kofia ilikuwa ya polisi mmoja ambaye Nazari aliwahi kumwona Mbamba Bay, na jina lilikuwa la mbasa, yule samaki anayepanda mto wenzake wanaposhuka.

Nazari aliandika mistari mitatu tu kwa siku. *Mbuzi wa katekista ameibwa. Inspekta Mbasa amefika. Amesema ana njaa.* Kisha akaketi, akakunja mikono, akakataa kusoma kwa sauti. Anayetaka kujua, asome mwenyewe.

Siku ya kwanza walitukana. Siku ya pili walibembeleza. Wiki ya pili Hedwiga alisimama mbele, kidole kikifuata chaki, akatoa neno moja baada ya jingine kama mtu anayetoa miba mguuni, na alipofika mwisho wa mstari banda zima lilipiga kelele. Inspekta alikuwa amekula nyumba ya sita.

Mpango ulikuwa uleule kila mara, na hakuna aliyeuchoka. Kitu kinaibwa. Inspekta anakula nyumba baada ya nyumba, na kwa wasio na hatia hasemi kitu ila "Asante, nimeshiba." Halafu anafika pale alipopikiwa kwa mapenzi ya ajabu. Anafuta midomo. Anasema, "Umenipikia vizuri mno." Na mwizi anaanza kulia.

Walifikia wanafunzi sitini na watatu. Watu waliacha jembe mapema ili wafike darasani saa kumi. Katekista alisogeza sala za jioni baada ya kuona kanisani amebaki na mkewe. Wapiga kasia waliipeleka habari Kihagara, na huko Kihagara, wanasema, mtu alirudisha beseni la jirani aliposikia Inspekta yuko kijiji cha pili. Afisa kutoka Mbinga, mtu wa Bukoba ambaye ziwa hili lilimtia kichefuchefu kila safari, alikuja kukagua, akawasikiliza wazee wakisoma ubao mzima bila kukwama, akafurahi, akatoa daftari.

"Kazi nzuri, mwalimu. Ila huyu Inspekta ni wa kituo gani? Mbona sina taarifa zake?"

Nazari alieleza. Afisa alicheka, lakini kabla ya kupanda boti aliuliza tena kwa sauti ya chini kama ni kweli hayupo.

Kisha, mwezi wa nane, wavu wa kijiji ukapotea.

Ulikuwa umeanikwa ufukweni, karibu na mdomo wa mto. Upepo wa mwera ulivuma siku mbili mfululizo, watu wakajifungia ndani, na mwera ulipotulia ufuko ulikuwa mweupe, laini, mtupu. Hakuna aliyeutazama ule mchanga mara mbili. Walitazamana wao kwa wao.

Mwenyekiti Pankras aliitisha mkutano asubuhi ileile. Pankras hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye cheo, na wiki mbili mbele yake alikuwa na ugeni wa wilaya unaokuja kuona wavu ukifanya kazi.

"Polisi wako mbali," alisema. "Boti haijulikani itapita lini. Tufanyeje?"

"Mwenyekiti, kwani sisi hatuna Inspekta?" aliita Hedwiga.

Wengine walicheka. Nazari alicheka pia, na kicheko hicho alikikumbuka miaka mingi baadaye. Maana kilipoisha, Pankras hakuwa amecheka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia.

"Kamati ya watu watano," alisema. "Tutakula nyumba zote arobaini, nyumba kumi kwa siku, matonge mawili matatu kila nyumba. Mwalimu atakuwa katibu, maana kazi hii anaijua."

"Lakini ile ni hadithi," alisema Nazari, kwa ile sauti yake.

"Ndiyo maana tunakuhitaji," alisema Pankras. "Usije ukatuacha tukakosea hatua."

Sasa fikiria kijiji kizima kinachojua kwamba mpishi mzuri ndiye mwizi. Kamati iliingia nyumba ya kwanza ikakuta ugali wa juzi. Nyumba ya pili, kisamvu kisicho na chumvi. Ya nne, mama mmoja aliunguza dagaa makusudi, akasimama mlangoni akipepea moshi ili jirani waone. Wanawake waliorithi sifa ya kupika kutoka kwa bibi zao walishindana kulisha watu uchafu. Hedwiga aliwapa maji ya moto yenye jani moja.

"Mboga gani hii, Mama?" aliuliza Pankras.

"Mboga ya mtu asiyeiba," alisema Hedwiga. "Kunyweni."

Na Otilia alikuwa wa tisa. Siku ya kwanza, saa nane mchana, matumbo ya kamati yakiwa yameanza kulalamika kwa sauti, Nazari alikaribia uwanja ule uliofagiliwa, akaona manyoya ya kuku kando ya jiko. Akawaacha wenzake wakinawa, akaingia jikoni.

"Dada, umefanya nini?"

"Shikamoo kwanza, au kamati imekula na adabu?"

"Shikamoo. Dada, umechinja."

"Marahaba. Nimechinja. Mdogo wangu amekuja kwangu na wageni, mwenyekiti yumo. Ulitaka nitoe nini?"

"Mboga. Hata maji. Unajua watakavyosema."

"Mimi sikuiba, Nazari."

"Najua."

"Sasa kama sikuiba, nitawapikia kama mwizi anayejificha? Wote huko wanapika kwa woga. Mimi siogopi." Akampa sinia. "Shika hapo, moto."

Angeweza kulidondosha. Baadaye aliliwaza sana hilo: angejikwaa tu, kuku wote mchangani, wangecheka, wangekwenda nyumba ya kumi. Lakini sinia lilikuwa zito, mchuzi ulinukia karanga, na yeye tangu asubuhi alikuwa ameshakula aibu ya nyumba nane. Alilibeba vizuri sana.

Walikula. Ugali wa muhogo ulikuwa laini, mweupe, wa moto. Na firigisi, kama ilivyo desturi dada anapompikia kaka yake, iliwekwa juu, upande wa Nazari. Aliila. Alilamba hata kidole. Alipoinua macho aliwaona wenzake watatu wametua mikono, wanamtazama Pankras, na Pankras anafuta midomo kwa kiganja, polepole, kama mtu aliyesubiri maisha yake yote kusema maneno hayo.

"Mama Otilia," alisema. "Umetupikia vizuri mno."

Otilia hakulia. Kwenye hadithi mwizi hulia, na ukweli kwamba yeye hakulia ulihesabiwa kuwa ukaidi.

Hawakwenda hata nyumba ya kumi. Mkutano wa jioni ulijaa. Otilia alisimama katikati, khanga kaifunga vizuri, akaulizwa wavu uko wapi, akasema hajui. Aliulizwa mara saba.

Nazari aliomba kusema. "Ndugu zangu. Inspekta Mbasa nimemtunga mimi. Hayupo. Hajawahi kuwapo. Ni mjomba wetu Kilian, nimemvika kofia."

Halafu Mzee Benno, ambaye siku hizo hakuwa akilala tena darasani, akakohoa.

"Mwalimu, mwanangu, sisi si watoto. Tunajua hayupo. Lakini hajakosea hata siku moja. Wewe upo, na umekosea mara ngapi?"

Watu wakacheka, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomaliza nguvu za Nazari. Wangemzomea angepigana.

"Ile habari ya kupika sana alinipa yeye mwenyewe!" alipaza sauti. "Dada ndiye aliyeitunga!"

"Kumbe," alisema Hedwiga polepole, "na siri za wezi alizijua."

Otilia alimgeukia mdogo wake. "Keti, Nazari," alisema. "Kila ukifungua mdomo unanizika kidogo zaidi."

Akaketi.

Waliamua kwamba Otilia hatapata fungu la samaki wa kijiji, hata wa ndoana, mpaka wavu urudi. Hilo lilikuwa la mwenyekiti. Mengine wanakijiji waliyafanya bila kuamua. Mtungi wake ulipofika mtoni, mitungi mingine iliondoka. Wanawe walirudi na maneno. Hakuna aliyepita tena kwenye ule uwanja, ukazidi kung'aa.

Nazari hakulala vizuri wiki nzima, na akaona njia imebaki moja. Aliyeharibu ni Inspekta; Inspekta ndiye atengeneze. Jumatatu saa kumi, wanafunzi sitini na wawili mbele yake, wote ila Otilia, aliandika kwa mkono mzito: *Inspekta Mbasa amekosea. Amemshika mama asiye na hatia.*

Hedwiga alisoma kwa sauti. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Futa," alisema.

"Soma mstari unaofuata, Mama. Inspekta anakuja kuomba radhi..."

"Futa, mwalimu. Huyo si Mbasa. Umemchanganya na mwingine."

"Mimi ndiye ninayemtunga!"

"Zamani," alisema mtu wa nyuma. "Sasa umechoka. Una matatizo ya nyumbani, tunaelewa."

Mzee Benno aliinuka. Magoti yake yalilia, banda lote lilisikia. Akaja mbele, akachukua kitambaa, akafuta ubao taratibu, pembe kwa pembe. Kisha akatwaa chaki. Katika maisha yake yote Mzee Benno alikuwa hajawahi kuandika zaidi ya jina lake. Herufi zilipanda na kushuka kama mitumbwi kwenye mawimbi, lakini kila moja ilifika: *Inspekta Mbasa hajakosea.*

Banda lililipuka kwa makofi. Wengine walimkumbatia mzee, wengine walimpongeza mwalimu, wakampiga mgongoni mpaka akakohoa. Hedwiga alitoa machozi. Nazari alisimama pale, mwalimu ambaye mzee wa miaka sabini ameandika sentensi kamili mbele yake, na hakuwa na la kufanya ila kupiga makofi.

Otilia aliondoka wiki iliyofuata, na mtumbwi wa wachuuzi wa usipa waliokuwa wakielekea kusini. Alikuwa anakwenda Chiwanda kwa wakwe zake, ambao hawakuwahi kumpenda lakini hawakuwa na ubao. Alifagia uwanja kwanza. Nazari alibeba sufuria zake hadi ufukweni.

"Nitaandika barua wilayani," alisema. "Nitamwambia yule afisa. Nitawaeleza wote, mmoja mmoja."

"Kwa sauti ipi?" aliuliza dada yake, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano alitabasamu kidogo. "Rudi darasani. Wanakusubiri."

Walikuwa wanamsubiri kweli. Alisema hatatunga tena, nao wakamwambia hapana shida. Wakawa wanaandika wenyewe, kwa zamu.

Wavu ulionekana mwezi wa nne, masika yalipokata ukingo wa mto. Vijana waliokuwa wakisogeza mitumbwi waliona kamba imechomoza mchangani, wakavuta, ikaja, ikaendelea kuja, mpaka wavu wote ukatoka, mzima, na mawe yake ya kuzamishia. Mwera uliufukia palepale ulipoanikwa. Hakuna mtu aliyeugusa.

Nazari alikimbia ufukweni bila viatu. "Mmeona!" alipiga kelele, na safari hii sauti ilitoka. "Mmeona wenyewe! Hakuiba mtu! Dada yangu hakuiba!"

Pankras aliushika wavu, akaunusa, akautazama ufuko.

"Aliufukia," alisema.

"Nani aliufukia? Mwenyekiti, futi nne chini? Mwanamke peke yake, na mwera ule?"

"Kwa kumwogopa Inspekta," alisema Hedwiga, na alisema kwa huruma kabisa. "Maskini Otilia. Aliona Mbasa atakuja, akaufukia, akashindwa kuufukua. Mimi hata simchukii. Mwandikie arudi, mwalimu. Tumemsamehe."

Watu waliitika kwamba wamemsamehe. Nazari alirusha mikono, akaondoka ufukweni. Saa kumi alasiri ubaoni kulikuwa na hadithi mpya, *Inspekta Mbasa na Wavu wa Mchangani*. Kati ya zote ndiyo iliyopendwa zaidi, na mpaka leo wanaisimulia.

Alimwandikia dada yake barua tatu. Jibu lilikuwa moja: *Anayesamehewa ni aliyekosa. Nisalimie uwanja.*

Miaka mitano ilipita kabla hajapata nauli na moyo wa kwenda Chiwanda. Alimkuta Otilia amenenepa kidogo, mvi mbili tatu, uwanja umefagiliwa hadi unang'aa. Kuku wanane walikuwa wakitembea kama wenye nyumba. Jirani mmoja, Bonifasia, alikuwa ameketi mkekani akichambua dagaa, na aliposikia mgeni ametoka pande za Kihagara alichangamka.

"Basi wewe utakuwa unamjua Inspekta Mbasa!"

Nazari alimtazama dada yake. Otilia alikuwa anachochea moto.

"Nimemsikia," alisema Nazari.

"Ile ya mwanamke wa kuku umeisikia? Ndiyo kali kuliko zote. Basi huyo mama, mjinga, kijiji kizima wanapika majani, yeye anachinja!" Bonifasia alicheka mpaka dagaa wakamwagika. "Na firigisi akamwekea nani vile? Mama Otilia, si wewe hujua kuimaliza vizuri? Firigisi alimwekea nani?"

"Kaka yake," alisema Otilia.

"Kaka yake! Na akaila!"

"Akalamba na kidole," alisema Otilia, bila kugeuka.

Bonifasia aliondoka akiwa bado anacheka. Otilia aliweka maji ya kunawa mbele yake, kisha sahani. Ugali wa muhogo uliopoa. Majani ya viazi vitamu, yamechemshwa, bila karanga, bila chumvi.

Kuku mmoja alipita kati yao, akadonoa ukingo wa mkeka, akaenda zake.

"Wanangu nawapikia," alisema Otilia. "Nikila peke yangu napika. Ila mtu akiingia mlangoni, mkono hautaki. Nimejaribu, Nazari. Siku moja Padre alikuja, nikamshika kuku, nikashika na kisu, nikasimama hapo mpaka Padre akaaga." Alisogeza sahani karibu zaidi. "Kula, safari ni ndefu."

Alikula. Alijitahidi kula polepole, macho yake yakizunguka ukutani, maana hakuweza kumtazama, hadi alipogundua kwamba anakula kama mjomba Kilian. Akainamisha kichwa, akamaliza majani yote. Dada yake alikuwa anasubiri aseme kitu.

"Asante," alisema. "Nimeshiba."